Maswali ya Wasomaji: Samaki Mwindaji Asiyetaka Chakula Kilichogandishwa

Swali: Ndugu Mhariri, ninafuga samaki simba, Pterois volitans, mwenye urefu wa sentimita 12 hivi. Tangu aingie kwenye tangi anakula samaki hai tu. Nikimdondoshea kipande cha kambamiti kilichoyeyushwa, anakitazama kinavyozama, kisha anageuka. Nimeshauriwa nimwache na njaa mpaka asalimu amri. Nifuate ushauri huo?

Jibu: Usiufuate. Njaa humfanya samaki awe makini zaidi, lakini haimfundishi kitu. Samaki wako hajakataa ladha ya kambamiti, kwa sababu hajafika hata kumwonja. Tatizo ni kwamba hajatambua kuwa kile kinachozama ni chakula. Mwindaji wa kuvizia kama huyu hulitambua windo kwa mwendo wake: jicho linanasa kitu kinachokwenda, na mstari wa hisia ulio ubavuni unapokea mtikisiko wa maji. Harufu huja baadaye. Kipande kinachozama wima kama jiwe hakimpi hata dalili moja anayoijua.

Kwa hiyo kazi yako ni kumhamisha kidogo kidogo, ukibadilisha jambo moja tu kila mara. Wengi hushindwa kwa sababu wanabadilisha yote kwa mpigo: umbo, mwendo, harufu, mahali na saa ya kula. Samaki akigoma, hawajui amegomea kipi.

Kabla ya kuanza, hakikisha anakula chakula hai vizuri kwa wiki mbili mfululizo, vipimo vya amonia na nitriti (sumu zinazotokana na uchafu wa tangi) vinasoma sifuri, na joto limetulia kati ya nyuzi 24 na 26. Samaki aliyetoka dukani juzi, au anayehema kwa kasi, asianzishiwe zoezi hili. Katika wiki hizo mbili mlishe saa ileile na kwenye kona ileile ya tangi. Akianza kusogea mbele anapokuona, nusu ya kazi imekwisha.

Hatua ya kwanza ni kubadilisha njia ya kumpa, chakula kikibaki kilekile. Mshike uduvi hai kwa kibanio kirefu chenye ncha za plastiki na umwachie mbele ya samaki. Rudia mpaka kibanio chenyewe kiwe ishara ya mlo. Kisha mpe uduvi wa aina ileile aliyekufa muda huohuo, ambaye bado ana umbo na harufu aliyoizoea; hapa kinachobadilika ni kwamba mwendo sasa unatoka mkononi mwako. Akimkubali mara tatu au nne mfululizo, mpe uduvi wa aina hiyohiyo aliyegandishwa na kuyeyushwa. Mwisho ndipo ulete chakula kigeni: ukanda wa kambamiti, ngisi au mnofu wa samaki uliokatwa kwa umbo la kisamaki, urefu wa sentimita 3 au 4 na upana usiozidi sentimita moja, mwembamba kuelekea mkiani.

Namna ya kutikisa kibanio ina uzito kuliko aina ya nyama. Anzia kiasi cha sentimita 20 mbele ya samaki, usawa wa macho yake. Vuta kidogo, simama, vuta tena, ukienda mbali naye. Usimsogezee chakula usoni. Windo halimkimbilii mwindaji, na kitu kinachomjia mdomoni humtisha arudi nyuma. Akitandaza mapezi ya kifuani na kuanza kukufuata polepole, simamisha mkono kabisa kwa sekunde mbili tatu, kisha tikisa mara moja. Mara nyingi hapo ndipo anaposhambulia. Mwachie papo hapo, maana akihisi anavutana na kibanio atatema na atakumbuka.

Anayemwogopa mtu aliyesimama karibu anaweza kulishwa kwa fimbo nyembamba ya akriliki inayopitisha mwanga, chakula kikiwa kimechomekwa kidogo tu kwenye ncha butu. Usitumie waya au kijiti chenye ncha kali. Samaki simba hufyonza kwa nguvu, na ncha hiyo huishia kwenye kaakaa. Wengine hukiachia kipande mbele ya mkondo wa pampu kipeperushwe. Njia hiyo hufaa kwa vipande vyepesi, ila chakula kisicholiwa hupotelea nyuma ya mawe.

Kila jaribio liwe la dakika tano, kisha ondoa chakula. Akikataa, usimpe windo hai palepale, kwani utakuwa umemfundisha kwamba akigoma, kizuri kinakuja. Subiri angalau hadi kesho yake. Samaki mzima mwenye afya anaweza kukaa siku 4 au 5 bila kula kabla ya kila hatua mpya bila kudhurika. Zikifika siku 10 bila mafanikio, mpe mlo hai na urudi hatua moja nyuma. Kwa samaki mchanga anayekua, mwisho ni siku mbili. Tumbo likiingia ndani, au mgongo ukibonyea nyuma ya kichwa, acha zoezi mara moja umlishe anachokubali.

Wengi huhama ndani ya wiki mbili hadi sita. Na kwa kuwa miiba ya samaki huyu ina sumu, kibanio kisipungue sentimita 40 na mkono usiingie majini wakati wa kumlisha, kwa sababu samaki aliyeamshwa hamu hurukia chochote kinachotikisika. Akikuchoma, tumbukiza sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, na uende hospitali.

Swali: Samaki dhahabu wadogo ni rahisi kupatikana na samaki wangu anawapenda. Kuna ubaya gani akiendelea nao maisha yake yote?

Jibu: Ubaya upo, na si mdogo. Samaki dhahabu na ndugu zake wengi wa jamii ya karpu wana kimeng'enya kiitwacho tiaminesi, ambacho huvunja vitamini B1. Mwindaji anayekula hao tu hupungukiwa vitamini hiyo polepole: kwanza hamu inapotea, kisha anapoteza mizani, anaogelea kwa kuzunguka au kupata mishtuko ya mwili. Kwa kuwa dalili huchelewa kutokea, mwenye samaki huwa hazihusishi na chakula alichompa miezi yote hiyo.

Kugandisha hakukiui kimeng'enya hicho. Huendelea kufanya kazi taratibu hata ndani ya friza. Joto la kupika ndilo linalokiharibu. Hivyo aliyetoka kwenye samaki dhahabu hai akaenda kwenye samaki dhahabu waliogandishwa hajatatua chochote. Dagaa wengi wa baharini wana kimeng'enya hichohicho, na baadhi ya kambamiti pia, ndiyo sababu hatushauri chakula cha aina moja hata kiwe kizuri namna gani. Mnofu wa perege, trauti au chewa wa Atlantiki ni msingi salama. Changanya na ngisi, kome na kambamiti, na mara moja kwa wiki dondoshea vitamini ya samaki yenye B1 juu ya kipande kilichoyeyushwa, ukiache dakika kumi kinyonye.

Kwa mwindaji wa maji chumvi kuna la ziada: mafuta ya samaki wa maji baridi hayalingani na mahitaji yake, na akilishwa hayo kwa muda mrefu ini hujaa mafuta. Tena samaki wanaouzwa kama chakula cha samaki wengine hufugwa kwa msongamano mkubwa, hivyo huja na ugonjwa wa madoa meupe, minyoo ya nanga na minyoo ya matamvua. Ukilazimika kutumia chakula hai wakati wa mpito, zalisha mwenyewe uduvi au samaki wadogo aina ya gapi kwenye tangi la pembeni, au uwatenge wa kununua kwa wiki nne kabla ya kuwatumia.

Swali: Wangu anashambulia vizuri, anaingiza mdomoni, halafu anatema. Anafanya hivyo kila mara.

Jibu: Hiyo ni hatua nzuri kuliko unavyodhani, maana kizuizi cha mwendo ameshakivuka. Sasa kagua kipande chenyewe. Kibonyeze kwa vidole: kikiwa na barafu katikati, atatema. Kikizidi nusu ya upana wa mdomo wake, kipunguze. Ngisi mzee ni mgumu kama mpira. Mkate vipande vyembamba au umpige kidogo kwa mgongo wa kisu. Kambamiti mmenye, ukate na ule mwiba wa puani.

Kama yote hayo ni sawa, tatizo huenda ni ladha. Sugua kipande kwenye mwili wa windo alilozoea, au kiloweke robo saa kwenye maji yaliyotoka kwenye kome. Harufu ya kuchacha ni habari nyingine. Chakula kilichokaa friza hadi kingo zikawa nyeupe na kavu mafuta yake yameharibika, na samaki ana haki ya kukikataa. Kitupe. Kwa vyakula vyenye mafuta mengi, miezi mitatu ndiyo mwisho wetu.

Swali: Niyeyushe kwa maji ya moto ili kuokoa muda?

Jibu: Hapana. Maji ya moto hupika sehemu ya nje na kuacha barafu ndani. Weka kipande kwenye kikombe cha maji ya tangi kwa dakika 15, au kwenye jokofu tangu asubuhi ikiwa ni kikubwa. Mwaga maji ya kuyeyushia, yamejaa fosfeti na vipande vinavyooza. Kilichoyeyuka kisigandishwe tena.

Swali: Nina Polypterus senegalus, samaki mrefu wa maji baridi kutoka Afrika. Nikiweka nyama iliyoyeyushwa hali, asubuhi naikuta imevimba na maji yamekuwa na ukungu.

Jibu: Huyu ni kinyume cha samaki simba. Macho yake ni dhaifu na huwinda kwa pua, mara nyingi gizani. Kumtikisia kibanio ni kujichosha. Zima taa, subiri nusu saa, punguza mkondo wa pampu ili harufu isitawanyike ovyo, kisha weka ukanda mmoja wa mnofu au kambamiti chini, karibu na anapojificha. Atautafuta kwa kupapasa. Ukivuta kipande taratibu juu ya mchanga kinaacha mkondo wa harufu anaoufuata.

Kosa lako ni kukiacha hadi asubuhi. Baada ya saa moja ondoa kilichobaki, hata kama umeamini atakuja kukila. Kipande kidogo kinachooza kwenye tangi la lita 200 kinatosha kupandisha amonia. Sasa hivi pima, badilisha asilimia 30 ya maji, na usimlishe siku mbili. Huhitaji kuogopa: samaki huyu huzoea chakula kilichogandishwa upesi kuliko karibu wawindaji wote tunaoulizwa habari zao.

Swali: Bunju wangu mdogo, Carinotetraodon travancoricus, anakula konokono tu. Je, mabuu mekundu (ya visubi) yaliyogandishwa yatamtosha nikifanikiwa kumhamisha?

Jibu: Kumhamisha si vigumu. Yeyusha mabuu machache, yanyonye kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na uyatoe moja moja mbele ya mkondo hafifu wa chujio ili yaonekane yanajinyonganyonga. Kama wapo bunju kadhaa, mmoja akishaanza wengine humwiga. Mpe kiasi cha kuvimbisha tumbo kidogo tu, mara moja kwa siku, na unyonye mabaki.

Yatamtosha kama sehemu ya mlo, lakini usimwachishe konokono kabisa. Meno ya bunju hayaachi kukua, na maganda ndiyo yanayoyasaga. Hata hao konokono wadogo humpa kazi ya kuwinda anayoihitaji, kwa hiyo mpe mara mbili au tatu kwa wiki. Hapa lengo si kuondoa chakula hai. Ni kuhakikisha siku konokono wakikosekana hatalala njaa.

Swali: Amekubali hatimaye! Nimlishe mara ngapi?

Jibu: Samaki aliyekomaa mara mbili au tatu kwa wiki, samaki mchanga kila siku kwa vipande vidogo. Endelea kutumia kibanio kwa mwezi mmoja kabla ya kujaribu kumdondoshea. Usimrudishie windo hai kama zawadi katika mwezi huo. Wapo wanaosahau kila kitu baada ya mlo mmoja.