Mkojo ukibana ghafla, usikimbilie choo

Kama na wewe ukishika tu funguo mlangoni au ukisikia bomba linamwaga maji mkojo unakubana hapohapo, hii ni yako. Kwanza kapime mkojo na sukari, maana UTI na kisukari navyo vinakojoza sana na mazoezi nitakayoeleza hapa hayatibu magonjwa hayo. Mi majibu yalitoka safi, daktari akasema kibofu chenyewe ndo kinajikaza kabla hakijajaa, akaniandikia niende kwa fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi.

Najua, wengi tunajua fizio ni ya waliovunjika miguu au waliopata stroku. Kumbe kuna misuli chini ya nyonga inayobeba kibofu na kizazi, nayo inafundishika. Unaikaza kama unavyozuia ushuzi mbele ya wakwe (samahanini, ila ndo maelezo niliyoyaelewa), tumbo umelegeza, makalio yametulia, pumzi hujaibana. Hesabu hadi kumi kama utafika, alafu achia kabisa kwa muda huohuo. Hapo kwenye kuachia ndo watu wanaruka, na kuna wengine misuli yao tayari imekakamaa, hao wakikaza zaidi wanazidi kuumia, kwa hiyo mtu akupime kwanza, usijifundishe kwenye simu tu.

Sasa mkojo ukibana, usikimbie. Simama au kaa, kaza achia haraka haraka mara tano sita, pumua, ile hali itapungua, ndo uende chooni taratibu. Misuli ikikaza kibofu nacho kinatulia. Mi nilikuwa nasimama hivyo sokoni Mwanjelwa nimemkodolea macho mama wa parachichi mpaka anaanza kunishushia bei mwenyewe.

Alafu unasogeza muda, kama unaenda kila saa ongeza dakika 15, ukizoea ongeza tena, na ile ya kukojoa "tahadhari" kabla ya kila safari iache, inakizoesha kibofu kumwaga kidogo kidogo. Maji usiache kunywa, mkojo mzito unakera kibofu. Chai ndo kazi kuipunguza, maana nayo inachokoza kibofu, na baridi ya Mbeya ya Juni hii jamani! Nimebaki na kikombe cha asubuhi, jioni nakunywa maji ya moto na tangawizi.

Jipe wiki 6 mpaka 12 kabla hujasema haifanyi kazi. Ila ukiona damu kwenye mkojo, au ganzi sehemu za siri, au miguu inakosa nguvu, acha mazoezi nenda hospitali siku hiyohiyo.