Wakala ametoa, imetoa au umetoa?

SWALI: Mimi ni mtafsiri hapa Entebbe. Nimepewa waraka kuhusu mageuzi ya CASSOA, ule wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kusimamia usalama wa usafiri wa anga. Ukurasa mmoja una "wakala ametoa", "wakala imetoa" na "wakala umetoa". Nifuate ipi? Au niandike tu "mamlaka" niepuke shida?

JIBU: Ukiandika "mamlaka", ndugu yangu, utakuwa umeikimbia shida ndogo ukaangukia kubwa. Nitaifikia.

Kwanza ngeli. Ukienda Kitooro kutoa pesa za simu ukakuta kibanda kimefungwa, utasema "wakala amefunga". Wakiwa wengi, "mawakala wamefunga". Huyo ni mtu, hana mjadala. Vurugu iko kwenye taasisi. Hata Tanzania, ambako majina kama Wakala wa Vipimo ni ya kawaida, utakutana na "wakala umetekeleza" na "wakala imetekeleza", pengine kwa mwandishi yuleyule. Mimi nachagua "umetoa", kwa sababu inakaa vizuri na "wa" iliyomo kwenye jina lenyewe. Mwenye kuandika "imetoa" ingempasa aanze na "Wakala ya", na hiyo inanikwaruza sikio. Ukishachagua, usiyumbe.

Sasa "mamlaka". Maneno yote mawili yametoka Kiarabu, ila si ukoo mmoja. Wakala ni ndugu wa wakili: huko kwao wakili ni mtu aliyekabidhiwa shughuli ya mwenzake, na wakala ni huko kukabidhiwa kwenyewe. Sisi tukampeleka wakili mahakamani, wakala tukamweka dukani, lakini nyuma yake bado yupo mwenye shughuli. Mamlaka ni wa ukoo wa miliki na milki. Kwa Kiarabu ni ufalme.

CASSOA ni wa ukoo upi? Ulianzishwa mwaka 2007 ili kanuni za usalama wa anga za nchi wanachama zioane. Lakini cheti cha kuendesha shirika la ndege hutolewa na nchi husika; hapa kwetu ni kazi ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda. Na juu ya wakala kuna Baraza la Mawaziri la Jumuiya. Huyo si mfalme, ni mtumwa wa shughuli za wenzake, nasema bila dharau. Ukimwita mamlaka utakuwa umemfanyia kwa kalamu mageuzi ambayo waraka wako ndio kwanza unayapendekeza. Jaribu sentensi hii: "Wakala upewe mamlaka ya kuzibana nchi wanachama." Hoja yote imo. Badilisha uone: "Mamlaka ipewe mamlaka." Msomaji atadhani umesinzia.

Tena neno lenyewe lina mtego wake wa ngeli. Ofisi: "Mamlaka imetangaza." Nguvu: "Mamlaka yake yanaishia mpakani."

Hukuniuliza kuhusu "mageuzi", ila nichungulie kidogo. Kinachobadilika kikiwa ni muundo, nani anaamua na nani anawajibishwa, hayo ni mageuzi. Kikiwa ni kifungu cha itifaki kinachoandikwa upya, andika "marekebisho", hata kama kichwa cha waraka kinapiga tarumbeta.