Ukiachishwa kazi, usiikimbie jumuiya

Ndugu yangu uliyeachishwa kazi hapa Mtwara, tuanze na aibu, maana njaa haiji siku ya kwanza. Mwezi wa kwanza bado una akiba kidogo mfukoni. Aibu ndiyo inayokutoa kanisani mapema: mchango wa jumuiya, yaani kikundi cha majirani mnaosali pamoja, ukitajwa unakumbuka una safari, ukiulizwa habari za kazini unajibu "nzuri tu". Nilikuwa mtunza stoo wa kampuni moja ya ukandarasi. Mradi ulipoisha tukapunguzwa kundi zima, na Jumamosi ya jumuiya ilipofika nilitamani niwe naumwa.

Nilikwenda, nikasema. Ushauri wangu mwingine wote unatoka hapo: sema mapema, kwa mdomo wako, mbele ya watu unaosali nao.

Kilichonipa nguvu ni Mathayo 20, mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu ambao wote walilipwa dinari moja. Wengi tunakumbuka dinari tu, tunawasahau wale waliosimama sokoni mpaka saa kumi na moja. Mwenye shamba anawauliza mbona wamesimama kutwa bila kazi, nao wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Basi. Yesu hasimulii kwamba walikuwa wavivu, wala hakuna anayewauliza walimkosea Mungu wapi. Wanaambiwa waende shambani. Kwa hiyo mtu akikuambia umeachishwa kazi kwa sababu kuna laana kwenye ukoo, au kwamba utoe "mbegu" ya laki moja ndipo mlango ufunguke, funga pochi yako. Sadaka natoa, lakini simnunui Mungu, tena kwa kiinua mgongo!

Nilipokwisha kusema, mwalimu mmoja mstaafu aliniuliza kama nimefuatilia haki zangu. Waumini wengine huona kudai ni kukosa msamaha. Mimi sioni hivyo. Mwajiri unaweza kumsamehe na barua yako ya madai ukaipeleka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyefanya kazi mwaka mzima na zaidi, kisha akapunguzwa, kiinua mgongo cha angalau mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, mwisho miaka kumi. Cheti cha utumishi nacho ni haki yako. Ukiona umeachishwa isivyo halali, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Novena moja ni siku tisa. Sali, lakini usisali novena nne ndipo uende. Ulizia pia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, fao la kukosa ajira: kama umechangia miezi 18 na zaidi na hukuacha kazi mwenyewe, kuna theluthi ya mshahara kwa miezi sita.

Pesa hiyo ikiingia, washauri wanaongezeka. Mimi niliambiwa niiingize kwenye kangomba. Asiye wa huku aelewe: mkulima ana shida, mtoto anaumwa au ada inadaiwa, msimu bado, wewe unamnunulia korosho zake mapema kwa bei ya kutupa, halafu mnada ukifunguliwa unauza kwa bei kamili. Serikali inaikataza, na 2018 iliifuatilia kwa ukali, lakini mimi sikuhitaji polisi wanielekeze. Kutoka 22 inakataza kumtoza riba maskini unayemkopesha, na kangomba naiona ni riba iliyovikwa gunia. Nilikuwa sina kazi. Ningepataje ujasiri wa kula kwenye shida ya mwenzangu asiye na mtaji?

Kazi niliyoipata ilikuwa ya msimu. Kuanzia Oktoba vyama vya msingi, yaani vyama vya ushirika vya wakulima wa korosho, huhitaji watu wa kupima, kuandika stakabadhi na kupanga magunia ghalani, na mtunza stoo anazijua shughuli hizo. Malipo yalikuwa madogo na vumbi lilikuwa jingi. Habari zake nilizipata kwa jirani yangu Mwislamu, ambaye huniita kafiri kwa utani na kuniletea futari kila Ramadhani. Msaada wa Mungu hauchagui dini ya anayeuleta, hasa mji kama huu ambako ukoo mmoja una akina Yohana na akina Hamisi.

Kuhusu sala nitasema machache. Amka saa ileile uliyokuwa ukiamka kwenda kazini, sali, oga, toka. Usiku usingizi ukikataa, Zaburi ya 42 inafaa kwa sababu mwenye kuisali analia kwelikweli. Na Eliya alipoomba afe, malaika hakuanza kwa kumhubiria. Alimletea mkate na maji, akala, akalala tena. Kwa hiyo kula. Mwenzako wa ndoa mwambie siku hiyohiyo, na watoto waelezwe kwa nini daladala imegeuka miguu.

Nanyi mlio kazini: mwenzenu akiachishwa, msimwondoe kwenye ratiba ya kusoma masomo eti mnampumzisha. Mchango wake mweka hazina auache bila kuutangaza. Na ukisikia ghala linatafuta karani, usimwambie utamwombea; mpe namba ya simu ya katibu wa chama.