Ukulele mpya haishiki tyuni, vidole vinauma

Hongera kwa ukulele yako, hicho kigitaa cha nyuzi nne, dada. Umesema unaityuni (unarekebisha nyuzi zitoe sauti sahihi) asubuhi, ikifika jioni imeshapotea, vidole vinauma, na unafikiri umeuziwa kitu kibovu. Kwa ulivyoeleza, sidhani. Nyuzi za nailoni zikiwa mpya huendelea kuvutika kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili hivi, ndipo zitulie. Tyuni kila unapoishika, kwa noti hizi: G, C, E, A, ukianzia uzi ulio karibu na kidevu chako. Huo wa G kwa kawaida huwa na sauti ya juu kuliko C, kwa hiyo usidhani umekosea.

Kwa kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, anza na Am: kidole cha kati kwenye freti ya 2 (nafasi ya pili kati ya vyuma vya shingoni, ukihesabu kutoka kichwani mwa ukulele) ya uzi wa G, basi. Usikiondoe. Ongeza kidole cha shahada kwenye freti ya 1 ya uzi wa E, tayari una F. Hamahama kati ya hizo mbili polepole mpaka mkono wa kulia, unaopiga nyuzi, usisimame unapobadilisha. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tafadhali usiharakie nyimbo. C itafuata: kidole cha pete, freti ya 3 ya uzi wa A.

Kuhusu maumivu, nadhani unabonyeza mbali na kile chuma cha freti. Sogeza kidole karibu nacho kabisa, bila kukikalia. Nguvu kidogo tu itatosha. Dakika kumi kila siku zinakufaa kuliko saa mbili za Jumapili.