Kiungulia kilipoa, kumbe umio ndio kwanza unaharibika

Mkuu, umeuliza mambo mawili: iweje asidi iuchome umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, wakati tumbo linakaa nayo siku zote bila kudhurika, na je, kiungulia chako kupungua bila dawa ndiyo unapona? Naanza na la pili, maana nilijidanganya nalo karibu miaka miwili.

Nilikuwa na kiungulia kila usiku, natafuna vidonge vya kutuliza asidi kama pipi. Baadaye moto ukapoa wenyewe, nikajua yameisha. Kilichonipeleka hospitali ni chakula kukwama: tonge linashuka, likifika nyuma ya kidari linasimama. Nalisukuma kwa maji, maji nayo yanarudi. Nikapitishwa mpira wa kamera, kisha daktari akanigeuzia skrini. Umio wenye afya una rangi ya waridi iliyopauka, laini kama ndani ya shavu. Wangu ulikuwa na michirizi myekundu iliyopanda kutoka mlango wa tumbo, mingine ina utando mweupe juu. Akaandika daraja C la ukali wa vidonda. Madaraja huanzia A, michubuko isiyozidi milimita 5, hadi D, vidonda vimezunguka robo tatu ya umio au zaidi.

Sasa la kwanza. Tumbo limevaa koti: ute mzito wenye bikaboneti, kemikali inayozima makali ya asidi, kiasi kwamba ndani pH (kipimo cha asidi; ikiwa chini, asidi ni kali) inaweza kuwa 2 huku seli zilizo chini ya ute ziko salama. Umio hauna koti hilo. Una tabaka nyingi za seli bapa, zilizopangwa kuhimili msuguano wa chakula, si asidi. Msuli unaofunga mwisho wa chini wa umio ukilegea wakati usio wake, kinachopanda ni asidi pamoja na pepsini, kimeng'enya kinachosaga protini. Na umio wako, samahani, ni nyama.

Mchana unaponea kwenye mate: yana bikaboneti, na kila ukimeza unausuuza. Usiku mate yanapungua sana, humezi, umelala bapa. Asidi inatulia palepale. Inalegeza viungio kati ya seli, inapenya hadi kwenye neva. Ndiyo maana wapo wanaoungua vibaya na kamera haioni kitu. Wapo pia kinyume chake, kama mimi. Tena si kuungua tu kama ngozi iliyomwagikiwa: mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliwaachisha dawa za kupunguza asidi wagonjwa 12, na ndani ya wiki mbili wakakuta uvimbe wa kinga ya mwili umeanzia tabaka za ndani huku tabaka la juu bado halijachubuka. Yaani jeshi la mwili lenyewe linashiriki kubomoa.

Kidonda kikijirudia kinaacha kovu, kovu linajikunja, njia inabana. Huko ndiko lilikokwama tonge langu. Kwa wengine ukuta unabadilika kabisa na kufanana na wa utumbo, hali inayoitwa umio wa Barrett. Ukuta huo mpya unavumilia asidi, kwa hiyo maumivu yanaweza kupungua, ila uwezekano wa saratani unapanda. Mimi walinikata vinyama wakapima, hali hiyo ya Barrett haikuwepo. Wewe hujapimwa, kwa hiyo usiite nafuu hiyo kupona.

Njia yangu ilipanuliwa kwa puto, nikapewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, wiki 8. Nilikuwa nimewahi kuitumia, lakini naimeza baada ya kula, usiku, halafu nalalamika haifanyi kazi. Humezwa nusu saa kabla ya kula. Kitanda nilikiinua upande wa kichwa sentimita 15 kwa vipande vya mbao chini ya miguu yake. Mito mingi inakukunja tumbo tu. Nalalia ubavu wa kushoto.

Choo cheusi kama lami, kutapika damu au kukonda bila sababu, usisubiri hata jibu la hapa. Umeandika kwamba chakula hakikwami. Jiangalie vizuri ukiwa mezani: mimi nami nilimjibu daktari "hapana", wakati nilikuwa sili tonge kavu bila glasi ya maji mkononi.