Anza na ankara: kwa wanaoanza kuchunguza makampuni na kambi za Wanazi

Wengi wanaoanza kuchunguza jinsi makampuni ya Ujerumani yalivyowatumia wafungwa wa kambi za mateso hukimbilia hukumu za Nuremberg, za kesi zilizofanyika huko Ujerumani baada ya vita. Ziweke kando kwanza. Hukumu huandikwa baada ya mawakili kuvutana. Karatasi za kila siku za kampuni ziliandikwa na watu ambao hawakuwaza kwamba hakimu angezisoma. Katika karatasi hizo, ya kwanza kuitafuta ni ankara.

Kwa Kijerumani iliitwa Forderungsnachweis. Uongozi wa kambi uliipelekea kampuni ukidai malipo ya siku za kazi: za mafundi (Facharbeiter) peke yake, za wasio na ufundi (Hilfsarbeiter) peke yake, siku nzima na nusu siku kila moja kwa safu yake. Chukua IG Farben, kampuni kubwa ya kemikali, waliojenga kiwanda cha Buna, yaani mpira wa sintetiki, karibu na kambi ya Auschwitz katika Polandi iliyokaliwa na Wajerumani. Mapatano yao na SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, ya Machi 1941 yaliweka reichsmark 4 kwa siku ya fundi na 3 kwa asiye na ufundi. Siku yenyewe ilikuwa ya saa 10 hadi 11 wakati wa kiangazi, na zisizopungua 9 wakati wa baridi. Fedha ililipwa kwa SS, ikaishia katika hazina ya dola. Mfungwa hakupata hata senti ya ujira.

Jizoeze kwa mfano wa kubuni. Mafundi 400 na wasio na ufundi 1,000, siku 26 za kazi: 400 × 4 × 26 ni mark 41,600, 1,000 × 3 × 26 ni mark 78,000, jumla mark 119,600. Hesabu ni nyepesi, na mtego uko hapo hapo. Ankara huhesabu siku, haihesabu watu. Siku 26,000 zaweza kuwa za watu 1,000 waliomaliza mwezi wakiwa hai, au za watu 1,500 ambao wengine walianguka njiani na nafasi zao zikajazwa na waliotoka kwenye treni jana yake. Karatasi haibadiliki hata kidogo. Kwa hiyo usigawanye siku kwa 26 kisha ukaandika “kampuni ilikuwa na wafanyakazi 1,000”. Andika “siku 26,000 za kazi”, halafu utafute watu mahali pengine.

Anayeandika kwa Kiswahili ana mtego mwingine: neno kibarua. Malipo ya kutwa yanakuvuta ulitumie. Katika Zanzibar ya karne ya 19 vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa, na bwana akachukua sehemu ya ujira wao, kwa hiyo mfano unaonekana kukaa. Lakini yule bwana alikuwa na mali ya kulinda, na kibarua alibaki na chochote mkononi. Huko Monowitz, kambi ya wafungwa wa kiwanda cha Buna, aliyechoka alibadilishwa bila kampuni kupoteza chochote ilichokuwa imekinunua. Tumia “mfungwa aliyekodishwa”. Ni refu, ila ni kweli.

Usiwachanganye pia waliofanya kazi eneo moja. Kwenye ujenzi ule walikuwako wafungwa wa kambi, wengi wao Wayahudi. Wapolandi na watu wa Ulaya Mashariki walioletwa kwa nguvu lakini hawakuwa chini ya kambi. Mateka wa kivita wa Uingereza wa kambi ya E715. Na Wajerumani wenye mishahara. Kila kundi lilikuwa na mgawo wake wa chakula na adhabu zake. Takwimu ya “wafanyakazi wa kigeni” milioni 7.6 waliokuwa katika Ujerumani mwezi Agosti 1944 ni ya raia na mateka wa kivita. Wafungwa wa kambi hawamo. Tunaiona ikitumiwa vibaya mara nyingi mno.

Baada ya ankara, soma ripoti za wiki za uongozi wa ujenzi. Hapa pasome polepole. Ripoti ya Agosti 1941 inaeleza kwamba wanyapara, wale Kapo (wafungwa waliowekwa kuwasimamia wenzao), wanawachapa wafungwa vibaya kwenye eneo la ujenzi, na kwamba wanaochapwa daima ni walio dhaifu, ambao kweli hawawezi kufanya kazi zaidi ya hapo. Mwandishi wa ripoti ameliona hilo na amelitamka. Kisha anataja kinachomsumbua: mandhari hayo yanawavunja moyo wafanyakazi huru wa Kipolandi na Wajerumani. Kampuni ikaomba viboko vihamishiwe ndani ya kambi. Mtu akikuambia kwamba wakurugenzi hawakujua, au kwamba waliwatetea wafungwa, mwonyeshe ombi hilo, kisha umwulize liliombwa kwa ajili ya nani.

Angalia tarehe sana. Mwanzoni wafungwa walitembea kilomita 6 au 7 kutoka kambi kuu kwenda kazini, na kurudi. Mwishoni mwa Oktoba 1942 ikafunguliwa kambi ya Monowitz pembeni mwa kiwanda, na kufikia Julai 1944 ilikuwa na wafungwa wapatao 11,000. Kwa hiyo hati ya 1941 inayosema “Auschwitz” na ya 1944 inayosema hivyo hivyo hazizungumzii mahali pamoja. Na mpira wenyewe haukutoka hata kilo moja. Kilichotoka ni methanoli, tangu 1943.

Watu ambao ankara imewaficha utawapata kwenye vitabu vya zahanati ya Monowitz vilivyosalimika. Kila mstari una namba ya mfungwa, jina, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Mbele ya baadhi ya majina pameandikwa “nach Birkenau”, yaani amepelekwa Birkenau, sehemu ya Auschwitz yenye vyumba vya gesi. Kampuni haikutaka wagonjwa wazidi kiasi cha asilimia 5 ya wafungwa, wala haikutaka kuwalipia waliolala muda mrefu. Weka kitabu hiki kando ya ankara ya mwezi ule ule.

Unapotafuta jina kwenye hifadhi ya Arolsen huko Ujerumani, ya hati za walioteswa na Wanazi, ambayo sehemu kubwa iko wazi mtandaoni, jaribu tahajia za Kijerumani na za Kipolandi, na tarehe ya kuzaliwa ikiwa majina yanafanana. Ukiwa na namba ya mfungwa, anza nayo: jina hukosewa kirahisi kuliko namba. Hati za Nuremberg zenye alama NI ndizo za wenye viwanda.

Sasa rudi kwenye hukumu ya Nuremberg ya kesi ya wakuu wa IG Farben, ya Julai 1948. Washtakiwa 23 walisomewa hukumu. 13 walipatikana na hatia, na kifungo kirefu kuliko vyote kilikuwa miaka 8. Mahakama iliwakubalia wengi utetezi wa kulazimika, kwamba dola iliwaamuru. Haikuukubali kwa wale waliotangulia wenyewe kuomba wafungwa, akiwamo Otto Ambros, mkurugenzi wa IG Farben aliyependekeza eneo la kiwanda. Ukiisoma baada ya ankara na ripoti za wiki, utaona ni sentensi zipi zimesimama juu ya karatasi za wakati ule, na zipi zinategemea maneno ya washtakiwa wenyewe.