Kitovu chenye mishipa miwili badala ya mitatu

Dada, kuambiwa kwenye altrasaundi ya wiki ya 20 kwamba kitovu cha mtoto, ile kamba inayomuunganisha na kondo la nyuma, kina mishipa miwili tu ya damu kunashtua, naelewa. Kwa kawaida huwa mitatu: vena moja inayompelekea mtoto damu yenye oksijeni na chakula, na ateri mbili zinazorudisha damu kwenye kondo la nyuma. Mwanao amekosa ateri moja. Hutokea kwa takriban mimba 1 katika kila 100, na ateri iliyobaki mara nyingi hutanuka ikabeba kazi ya zote mbili.

Muulize daktari hivi: moyo na figo za mtoto zimeangaliwa vizuri? Kama hakuna kasoro nyingine, walio wengi huzaliwa wazima. Ukuaji wake upimwe tena miezi mitatu ya mwisho, maana baadhi huzaliwa na uzito mdogo. Hali hii peke yake si sababu ya kujifungua kwa upasuaji.

Na hao wanaosema chanzo ni ndoo za maji ulizobeba, waache waseme. Kasoro hii huanza mimba ikiwa changa kabisa. Akizaliwa, mkumbushe mkunga ahesabu mishipa kwenye kitovu kilichokatwa na mtoto akaguliwe mwili mzima.